Kitanda cha Ofeina

Katika bandari yetu ya Pangai, visiwani Ha'apai, mtu akiwaka hasira, wachukuzi walikuwa wakimwambia, "Nenda kwa Tokilupe ukapoe, mzee." Hawakuwa wanamdhihaki. Watu walifika kwenye dirisha lake la tiketi wakihema kama fahali, na baada ya muda waliondoka wakiaga vizuri, wengine hata wakiomba radhi kwa kelele zao.

Na sababu za kukasirika hazikukosekana. Meli inayotoka visiwa vya Vava'u, kaskazini, kwenda mji mkuu hupitia kwetu, na meli si saa ya ukutani. Ikitangazwa Jumatatu, huenda ikafika Jumanne. Ikifika, imejaa. Isipojaa, upepo umekataa. Tena watu wetu hawasafiri na begi moja la mkononi. Wanasafiri na magunia ya viazi vikuu, mikeka ya harusi, nguruwe aliyefungwa miguu, na bibi wa kubebwa mgongoni. Sasa mwambie mtu mwenye mizigo hiyo kwamba safari imeahirishwa, uone.

Tokilupe alikaa kwenye dirisha lile tangu usichana wake mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Tulikuwa majirani, na tulisuka pamoja katika kundi la akina mama wa kanisa. Mkeka mpana haumalizwi na mtu mmoja. Mnakaa bega kwa bega miezi mingi, na katika kukaa huko ya moyoni hutoka yenyewe. Mengi ninayoandika hapa nimeyapata kwake, na mengine niliyaona kwa macho yangu.

Upole wake aliupata kwa baba. Baba yake alikuwa mhubiri, mtu wa Mungu kweli, lakini hasira yake ilikuwa karibu, kama maji yaliyojaa ndoo mpaka ukingoni. Mama alipofariki, Tokilupe ndiye aliyebaki kuitembeza ndoo hiyo isimwagike. Alijua kwa kikohozi cha baba getini kama siku ilikwenda vizuri au vibaya. Ikiwa vibaya, aliwatoa wadogo zake nje, akaweka chai mezani, na baba alipoanza kufoka, yeye alijibu chini chini. Baba akipaza, Tokilupe anashusha. Akizidi kupaza, anazidi kushusha, mpaka mzee analazimika kunyamaza ili asikie binti yake anasema nini. Ndivyo alivyofanya baadaye na abiria wote wa Ha'apai.

Lakini dawa yake kubwa haikuwa sauti. Dawa yake kubwa ilikuwa dada.

Kwetu dada ni mkubwa wa kaka, hata kama alizaliwa nyuma yake. Kijana akishabalehe halali tena chini ya paa moja na dada yake. Mbele yake hatukani, hagombani, na hatoi neno lolote la mwili, la tumbo, la uzazi. Redio ikianza wimbo wa mapenzi na dada yupo, kaka hutoka nje kuangalia kama mvua inakuja, hata jua likiwa kali. Na dada si yule wa tumbo moja tu. Binti wa shangazi, binti wa mjomba, binti wa mama mdogo, wote ni dada, heshima ni ile ile. Visiwa vyetu ni vidogo. Ukiuliza majina ya mabibi wawili watatu, kila mwanaume anaye dada mahali fulani karibu.

Na aliyekuwa karibu zaidi ni Kalolaine. Alikaanga keke, maandazi yetu ya mviringo, pale pale gatini, mbele ya ofisi. Ukoo wake ulitambaa kama mviazi, kila kisiwa una mizizi.

Nakumbuka mzee mmoja wa visiwa vya kusini aliyekataa nguruwe wake awekwe chini na mizigo.

"Nguruwe wangu anakaa na mimi!" alipiga kelele. "Huyu ni wa harusi ya mwanangu! Mkimweka kwenye dizeli atafika ananuka kama injini! Na wewe mama usinitazame hivyo kwa upole, nitalivunja dirisha hilo!"

"Ndiyo, baba," Tokilupe alisema. "Nguruwe mzuri sana. Bibi yako mzaa mama ni wa wapi?"

"Bibi yangu anahusikaje na nguruwe?"

"Nauliza tu, baba. Uso wako si mgeni kwangu."

Mzee akataja kijiji. Akataja na jina. Tokilupe akachungulia nje.

"Kalolaine! Njoo mara moja, mama. Kaka yako yupo hapa."

Kalolaine akaja anafuta unga mikononi. Hakusema kitu, alisimama tu. Mzee akamtazama, akatafuna yale matusi yaliyokuwa yamebaki kinywani, akambana nguruwe kwapani kama mkoba. "Basi, akae kwenye dizeli," akasema. "Safari njema kwenu nyote."

Watu walicheka mpaka wakashika nguzo. Kalolaine akarudi kwenye karai lake. "Serikali inilipe mshahara wa polisi," alisema. "Kirungu sina, nina keke tu."

"Wewe ni dada wa Ha'apai nzima," Tokilupe alimwambia.

"Ndiyo maana nimekosa mume, shoga! Kila nikimpenda mtu, ananisalimia kwa heshima."

Basi ndivyo walivyoishi, wawili wale. Wakubwa wa ofisi walijua, na walifurahi. Dirisha halikuvunjwa, polisi hawakuitwa, meli iliondoka. Ubaya ulikuwa wapi?

Ubaya ulikuja mwaka ule mkutano mkuu wa kanisa ulipofanyika mji mkuu. Mwaka wa mkutano kila mtu anasafiri. Kwaya zinasafiri, bendi za matarumbeta zinasafiri, wachungaji na wake zao, wazee wa kanisa, viazi, mikeka, keki za ngazi tatu. Gati lilijaa mpaka ukiangusha kitambaa hakifiki chini. Mimi nilikuwepo kumtumia mwanangu mkeka kwa meli ile, nimesimama kwenye foleni nikiwa na mzigo kichwani.

Siku hiyo asubuhi walifika Lisiate na mke wake Ofeina kutoka kisiwa chao kidogo, kwa boti ya wazi. Walikuwa wamekaa katika ndoa muda mrefu bila mtoto. Sasa Ofeina alikuwa mjamzito, mimba ya miezi mitano, na damu ilikuwa imeanza kumtoka kidogo kidogo. Daktari wa akina mama hakuwako kwetu miaka ile. Muuguzi wa kisiwa chao aliwaambia, "Nendeni hospitali kuu. Na wewe Lisiate nisikilize: melini asikae, asisimame. Alale njia nzima." Hilo ndilo walilokuja nalo. Hawakutaka kingine duniani ila kitanda kimoja cha meli.

Meli ile ilikuwa na chumba kimoja tu cha vitanda. Abiria wengine hukaa sitahani juu ya mikeka, na siku kama ile hukaa magoti yamegusa kidevu. Lisiate alimwacha mkewe mwisho wa gati, nyuma ya ghala la mbata palipokuwa na kivuli, amejifunga mkeka wake kiunoni vizuri, kama tunavyovaa kwetu kwa heshima, huwezi kumtambua kuwa ni mgonjwa. Kisha akaja dirishani peke yake.

"Nataka kitanda kimoja," alisema.

"Vitanda vimekwisha, kaka," Tokilupe alijibu. "Vyote ni vya wachungaji."

"Mimi nataka kimoja tu. Mke wangu lazima alale."

Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Hata sisi tunataka kulala, jamani!" Foleni ikacheka. Mwingine akadakia, "Mpeni na mto!" Na mwanamke mmoja mwenye keki mikononi akasema, "Kwani mkeo ni malkia?"

Lisiate aligeuka. "Nani kasema? Nani huyo?" Akarudi dirishani, akapiga ubao kwa kiganja mpaka kopo la kalamu likaruka. "Nimesema mke wangu hawezi kukaa! Mchungaji hana miguu? Mchungaji hawezi kukaa? Mtoeni mmoja! Nitaingia nimtoe mwenyewe, akaimbie huko nje!"

Tuliguna wote. Kuwasema wachungaji namna ile, tena wiki ya mkutano, na wake zao wamesimama pale na kofia zao! Mimi mwenyewe nilisema moyoni, Mungu amsamehe kijana huyu, amelewa.

"Nimekusikia, kaka," Tokilupe alisema kwa sauti yake ndogo.

"Hujanisikia!"

"Nimekusikia. Mama yako ni nani, kaka?"

"Mama yangu wa nini? Nataka kitanda!"

Lakini alimtaja, maana kwetu ukiulizwa jina la mama hulifichi. Na mama aliyemtaja alikuwa ndugu wa tumbo moja na mama yake Kalolaine. Hapakuwa na haja ya kutafuta ukoo. Tokilupe akaita, na Kalolaine akaja, unga mikononi, akasimama kando ya dirisha.

Nilikuwa karibu, niliona. Hasira ilimtoka Lisiate kama maji yanavyotoka kwenye nguo ukiikamua. Mabega yalishuka. Akakunja mikono mbele. Akasema kwa sauti ambayo watu wa nyuma hawakuisikia:

"Mama, naomba nikuambie neno. Pembeni."

Tokilupe alinieleza baadaye alichofikiri. Watu wengi humwomba pembeni. Wanataka kumpa kapu la viazi ili wapewe nafasi ya mwenzao, na yeye hakupenda mambo hayo. Tena alitaka kumpa kijana heshima, asionekane amefukuzwa. Kwa hiyo akamwambia kwa upole wote:

"Sema hapa hapa, kaka. Hapa hakuna mgeni. Uko mbele ya dada yako."

Lisiate aliangalia miguu ya Kalolaine. Mdomo ulifunguka. Ukafungwa. Neno lenyewe lilikuwa la damu, la tumbo la mke wake. Litasemwaje pale?

"Basi," akasema. "Hamna neno."

"Umeridhika, kaka?"

"Nimeridhika."

Akachukua tiketi mbili za sitahani. Kalolaine, kwa kuwa alimpenda ndugu yake, alimfungia keke za moto kwenye jani, ampelekee mkewe. Alizipokea kwa mikono miwili bila kuinua macho, akaenda nazo nyuma ya ghala.

Mke wa mchungaji mmoja akaja dirishani akamshika Tokilupe mkono. "Bwana amekupa kipawa," alisema. "Kijana yule angetuaibisha sote." Na jioni, kwenye mikeka, Tokilupe alitusimulia habari ile, na sisi tulicheka, hasa pale pa mchungaji kuimbia nje.

Ofeina alisafiri amekaa, amebanwa kati ya magunia na watu. Bahari haikuwa mbaya sana. Lakini kabla hawajafika mji mkuu mtoto alikuwa amekwisha toka. Hospitalini waliokoa maisha ya mama, wakamwambia tumbo lake halitabeba tena.

Habari ilimfikia kwanza Kalolaine, kwa mama yake mdogo, mama mzazi wa Lisiate. Hakwenda kukaanga siku hiyo. Alikuja ofisini kwa Tokilupe, akapita mlango wa nyuma, akabaki amesimama.

"Usiniite tena," alisema.

"Kuna nini, mama?"

"Alikuwa anataka kukuambia. Alikuwa anataka kukuambia wewe, nami nikasimama pale kama jiwe mlangoni." Akamweleza yote. Akasema tena, "Usiniite tena kwa kaka yangu yeyote." Akalihamishia karai lake sokoni, na hakurudi gatini.

Tokilupe alitafuta kujua zaidi, ingawa ingekuwa afadhali asijue. Baharia mmoja alimwambia kwamba mchungaji mmoja mzee aliamka na homa asubuhi ile, hakusafiri. Kitanda chake hakikurudishwa dirishani, maana hakuna aliyekumbuka. Watu wa bendi walikiona kitupu, wakalaza juu yake tarumbeta lao kubwa, wakalifunika blanketi lisipate kovu. Tarumbeta lilisafiri limelala.

Daktari alisema huenda mtoto angetoka hata kama mama angelala. Watu walimpelekea Tokilupe neno hilo ili limfariji. Yeye aliniambia, "Mwenzangu, hilo 'huenda' ndilo linaloniua. Angesema asingetoka, ningelia. Angesema angetoka tu, ningelala. Sasa sijui nifanye lipi."

Hakuna aliyemlaumu. Kwetu mtu hawezi kulaumiwa kwa kumwita dada wa mtu. Na Lisiate mwenyewe hakumlaumu. Alipokuja Pangai alipita dirishani, akainamisha kichwa. "Salama, mama?" "Salama, kaka." "Wazima nyumbani?" "Wazima." Kisha anachukua tiketi yake, anakwenda. Tokilupe aliketi pale kila safari akisubiri atukanwe. Alilitaka tusi lile kama mgonjwa anavyotaka kutapika. "Angenipigia ubao tu mara moja," alikuwa akisema huku anachana majani ya kusukia. "Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza. Amejifunza vizuri mno."

Mimi nilimwambia aende akaombe msamaha, kama tulivyofundishwa. Akasema ndiyo. Hakwenda. Mwaka ukapita na mwingine. Aliyezoea kuzima moto wa watu huogopa kuwasha hata wa kupikia. Akiona Lisiate anamsalimu vizuri, alijiambia, labda yamekwisha, kwa nini nimkumbushe. Nadhani ndivyo tulivyo wapole wengi. Tunadhani palipo kimya pana amani.

Lisiate baadaye alikwenda New Zealand kuchuma matufaha. Miaka ya kwanza alirudi msimu ulipokwisha, halafu alirudi mara moja moja, halafu akabaki huko huko. Ofeina akabaki katika nyumba yao kisiwani. Watu hawakusema walikosana. Walisema tu, kazi ni nyingi huko.

Dirishani Tokilupe alibadilika. Hakumwita tena dada wa mtu. Mtu akifoka, alimwacha afoke mpaka mwisho, kisha alifungua mlango wa nyuma, akamwingiza, akamwuliza wakiwa wawili, "Kuna neno lingine?" Foleni ilikuwa ndefu, wakubwa walinung'unika. Mara nyingi hapakuwa na neno lingine, mtu alikuwa na hasira tu ya kukosa safari. Lakini aliuliza.

Alipokaribia kustaafu, ofisi ilimwomba awafundishe vijana wapya jinsi ya kukaa na abiria wakali. Walipanga viti, wakaleta soda. Aliwafundisha vizuri, nilivyosikia. Aliwaonyesha kushusha sauti. Aliwaambia wasimwambie mtu "tulia", maana hakuna aliyewahi kutulia kwa kuambiwa. Aliwaambia wasicheke foleni inapocheka. Kisha msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Mama, na ile ya dada? Nyumbani wanaisimulia mpaka leo. Tufundishe hiyo!"

Wote wakachangamka. "Ya nguruwe, mama! Ya nguruwe!"

"Hiyo hapana," Tokilupe akasema.

"Kwani haikuwa inafanya kazi?"

"Ilifanya kazi." Akakaa kwenye kiti. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka, na somo likaishia hapo.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Hakuketi. "Kesho unanisindikiza," alisema. Sikumwuliza wapi.

Tulikwenda kwa boti ya mvuvi. Tokilupe alikuwa amejifunga mkeka mkuukuu uliochanika, wa kumfunika mpaka kifuani, kama tunavyovaa msibani au tunapokwenda kujishusha mbele ya mtu. Ofeina alikuwa nje ya nyumba yake akianika majani. Alikuwa amekonda, na bado mzuri. Aliuona mkeka ule akaacha kazi.

"Nani kafa?" akauliza. "Lisiate?"

"Hapana, mama. Hajafa mtu," Tokilupe akasema. Halafu akasema, "Au amekufa, lakini zamani." Akaketi chini mchangani mbele ya mlango, miguu amekunja upande, kichwa amekiinamisha. Nami niliketi nyuma yake.

"Wewe ni mama wa dirishani," Ofeina alisema.

"Ndiye."

"Ingia ndani, jua kali. Nitawapa nazi."

"Siingii mpaka niseme." Akasema. Alisema yote, kutoka Lisiate alipofika dirishani mpaka alipoambiwa aseme mbele ya dada. Alisema na la tarumbeta. Alisema kwa ile sauti yake ndogo, na Ofeina alilazimika kuchuchumaa ili asikie. Kadiri alivyosikia, uso wake ulibadilika, lakini si kwa namna niliyoingoja. Nilingoja hasira. Ule ulikuwa uso wa mtu anayesomewa habari za nyumba nyingine.

"Ngoja," akasema. "Unasema aliomba?"

"Aliomba, mama."

"Lisiate? Aliomba kitanda?"

"Kwani hakukuambia?"

Ofeina aliketi chini kabisa. "Alirudi na keke. Nikamwuliza, kitanda? Akasema, hakuna. Nikamwuliza, uliwaambia? Akanyamaza. Hospitalini nikamwuliza, uliwaambia ninavyoumwa? Akanyamaza. Nikamwambia..." Alitazama pembeni, kwenye bahari. "Nilimwambia, mwanaume wa kutandaza mdomo kila jioni akinywa kava na wenzake, siku moja tu ya kunisemea mimi ameumeza ulimi. Nilimwambia hivyo si mara moja. Nilimwambia mpaka akaenda kwenye matufaha yake."

Nilielewa, na nadhani Tokilupe alielewa wakati ule ule. Lisiate angeeleza vipi? Angesema alinyamaza kwa sababu Kalolaine aliletwa. Na kaka hamtwiki dada yake lawama, hata ikimgharimu nyumba. Alibeba mwenyewe.

"Ningekuja mapema," Tokilupe akasema.

"Ungekuja mapema," Ofeina akasema. Hakusema kwa ukali, na hakusema pia kwamba si kitu.

"Anapiga simu?"

"Baadhi ya Jumapili. Tunaulizana mvua." Kisha akamsogelea Tokilupe, goti kwa goti. "Alisemaje? Maneno yenyewe."

"Alisema, nataka kitanda kimoja. Mke wangu lazima alale."

"Hivyo? Kwa sauti hiyo?"

"Hapana, mama. Alipaza."

"Basi paza."

Tokilupe alinitazama, kama anayeomba nimsaidie. "Mama, mimi sauti yangu..."

"Nimekaa na ukimya wake miaka yote hii," Ofeina alisema. "Nataka nimsikie. Paza."

Alijaribu. Maneno yalitoka chini chini, ya kuzoea, ya kumtuliza mtu. Ofeina akatikisa kichwa. Basi Tokilupe akainuka mchangani, ule mkeka uliochanika ukimning'inia, akasogea mpaka kwenye mwimo wa mlango, akaupiga kwa kiganja.

"Mke wangu hawezi kukaa!" alipiga kelele. "Mchungaji hana miguu? Mchungaji hawezi kukaa? Mtoeni mmoja! Nitaingia nimtoe mwenyewe!"

Kuku walitawanyika. Nyumba ya pili mtu alitoka na kisu cha nazi mkononi kuona nani anagombana na mjane asiye mjane. Sauti ilikuwa imempasuka Tokilupe, maana haikuwahi kutumika, na machozi yalikuwa yakimwingia mdomoni. Ofeina alikaa palepale, mikono mapajani, macho amefumba, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama anayesikiliza mtu aliye mbali.

"Tena," akasema.